Magauni ya Kuazima

Cherehani ilikuwa imekwisha kupanda pikapu, imelazwa ubavu, miguu yake ya chuma ikitazama mtaani, na Mama Pacha alikuwa bado hajasema neno. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa na pini tano mdomoni. Watu wa ofisi ya mapato walimkuta anabana kwapa la sare ya shule, wakasoma karatasi yao mbiombio kama mtu anayesoma majina ya waliofeli, wakainyanyua cherehani mbele yake, kiti kikiwa bado na joto. Alipomaliza kuzitema pini moja moja kiganjani, maana pini nazo hununuliwa, dereva alikuwa ametia gia.

"Kaka, hiyo ndiyo kazi yangu," alimwambia aliyeshika karatasi.

"Na hii ndiyo yangu, dada," alijibu yule, akampa kalamu asaini. "Siku kumi. Usipolipa, mnada."

Alisaini kwa kuegemeza karatasi ukutani, kwa sababu meza ya kuandikia ilikuwa ndiyo hiyo inayoondoka. Pikapu ikakata kona. Majirani waliokuwa wamesimama kimya, kama wanaosindikiza jeneza, wakakumbuka kila mmoja ana kazi kwake.

Chumbani vilibaki kiti, kioo, mkasi, na sare thelathini na mbili za shule ya msingi zilizokwisha kukatwa na hazijashonwa. Malipo ya awali ya sare hizo yalikuwa yameliwa mwezi uliopita. Na mlangoni, kwenye kamba, yalibaki magauni kumi na manne yakipepea bila wasiwasi, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Katika kazi ile, fundi asiyening'iniza kitu hashoni kitu. Mteja hutazama mlango kabla ya kumtazama fundi. Akiona kamba tupu hupita, akisema moyoni kwamba huyu ama ni mgeni ama anaharibu vitambaa vya watu. Kwa hiyo Mama Pacha, kama mafundi wenzake wote, aliijaza kamba. Magauni matatu yalikuwa ya wateja walioshindwa kuja kuyalipia. Moja alilifungia ndoa mwenyewe. Mawili ya dada yake, saba ya majirani, ambao walikuja kuyachukua kila walipokuwa na pa kwenda na kuyarudisha kesho yake. La kumi na nne lilikuwa la mama mkwe, nalo lilitundikwa kwa nyuma, maana nyonga za mama mkwe zilijulikana mtaa mzima.

Miezi mitatu nyuma alipita bwana mmoja na mkoba kwapani, akayasifu yale magauni, akauliza kwa upole yote hayo humchukua fundi muda gani kushona. Mama Pacha akadhani kanasa mteja. "Haya?" akasema. "Haya ni ya wiki hii tu, kaka yangu. Pita wiki ijayo utakuta mengine." Hakuna fundi aliye hai ambaye angejibu tofauti. Yule bwana akaandika. Alipofika ofisini akazidisha magauni kumi na manne kwa wiki za mwaka, akajikuta amemgundua tajiri. Karatasi ya makadirio ilipokuja, laki tatu na elfu sitini, Mama Pacha alicheka, akaichomeka nyuma ya kioo. Aliamini imekosea nyumba.

"Nguo ya kuazima haistiri matako," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake, akiitazama kona ilikopotelea pikapu. "Hilo nililijua tangu nikiwa mwari. Sikujua tu kama inatozwa kodi."

*

Kesho yake alikwenda ofisi ya mapato. Alipangwa benchi la kwanza, akahamishwa la pili, kisha akaambiwa benchi lenyewe ni la wenye namba, na namba hutolewa kwa wenye fomu, na fomu zimekwisha, lakini nje kwenye kibanda zinatolewa nakala. Alinunua nakala. Kwenye risiti ya nakala ile iliandikwa kodi. Alilipa kodi ili apate karatasi ya kuuliza habari za kodi, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu yake.

Mkadiriaji alikuwa yuleyule bwana wa mkoba. Hakuwa mtu mbaya. Kola yake ilikuwa imegeuzwa mara moja kuficha kuchakaa, kazi ya fundi asiye na haraka, na Mama Pacha aliliona hilo kabla hajaketi. Alimweleza yote: ya dada, ya majirani, ya mama mkwe. Mkadiriaji alisikiliza akiviringisha kalamu iliyofungwa kamba mezani, pengine kwa kuogopa wezi wa humo ofisini, kwa sababu wateja wachache walifika pale.

"Kwa hiyo ulikuwa unawadanganya wateja," alisema.

"Nilikuwa nawatafuta."

"Dada, mimi nakadiria kinachoonekana. Nimeona magauni. Wewe mwenyewe ukaniambia ni ya wiki moja. Nitaandika nini? Kwamba niliota?"

"Na wale wenye maghala? Nao unakwenda kuhesabu yanayoonekana?"

"Wale hatuwakadirii. Wale huleta vitabu vyao wenyewe."

"Vitabu vinasemaje?"

Mkadiriaji alitazama mlango, akapunguza sauti kidogo. "Mara nyingi vinasema wamepata hasara."

Mama Pacha alilipima neno hilo. Mtu wa maghala alikwenda pale na kitabu akajieleza kuwa masikini, akaaminiwa. Yeye alining'iniza nguo za watu akajionyesha ana uwezo, naye akaaminiwa. Ofisi nzima ilijengwa juu ya kuamini watu, na hapo hapakuwa na la kulalamikia. Aliuliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Aliambiwa inawezekana, kwa fomu nyingine.

*

Mume wake, Baba Pacha, alirudi jioni hiyo kutoka zamu ya siku mbili, akavua kofia, akaitundika msumarini pake, ndipo akauliza cherehani iko wapi kana kwamba mtaa mzima haukuwa umemwambia njiani. Alikuwa mlinzi wa geti kwa mwenye malori na kiwanda cha mabati, ambaye watu walimwita Mfadhili. Jina hilo alilianza mwenyewe kwenye mabango ya misaada yake, na jina la kujipa halipingwi na wanaokula kwako.

Baba Pacha alikuwa mtu wa taratibu. Geti lake lilikuwa na kitabu, na katika kitabu kile aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, hata mfuko wa takataka. Alimheshimu mwajiri wake kama alivyoheshimu kitabu. Alisema atamwomba Mfadhili mkopo wa mshahara, na kabla hajaomba alianza kumtetea.

"Mzee alituambia juzi pale getini. Watu mia moja tu, Mama Pacha, mia moja, ndio wanaobeba zaidi ya nusu ya kodi ya nchi hii. Sisi wengine tumedandia."

"Wewe hukatwi?"

"Nakatwa. Lakini changu kidogo."

"Kidogo kwa mshahara wa nani? Wako au wake?" Mama Pacha alikuwa anakunja sare, akizipanga kwa namba za chaki. "Sabuni niliyofulia hilo shati ina kodi. Uzi una kodi. Leo nimelipia kodi ya nakala. Huko kudandia kwenu kuna nauli kubwa."

"Mwanangu," alisema mama mkwe, ambaye alikuwa amemlea Baba Pacha peke yake na hakuwa amekata tamaa naye kabisa, "anayekula ng'ombe mzima lazima atupe mifupa mingi. Sasa na hiyo mifupa tumshukuru?"

Baba Pacha akasema wanawake hawaelewi uchumi. Akaoga, akala, akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

*

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja. Mfadhili alikuwa bustanini, chini ya mwavuli, anakunywa chai na mhasibu wake, kijana mwenye miwani aliyependa tarakimu kama wengine wanavyopenda watoto. Viti vilikuwa sita. Wageni hawakuelekezwa kwenye hata kimoja, wakasimama juu ya nyasi, kisha mtunza bustani akaja kuwaomba wasisimame juu ya nyasi, wakahamia kwenye vigae, juani.

Mfadhili alisikiliza kisa cha cherehani kwa huzuni ya kweli. Alikuwa mtu wa huzuni za kweli, ndogo ndogo, zisizo na gharama.

"Mama, unaniambia mimi habari za kodi?" alisema. "Wewe wanakudai laki tatu, umekosa usingizi. Mimi mwaka jana nimelipa bilioni mbili. Mwambie, kijana. Mwambie asije akadhani natania."

Mhasibu hakutakiwa kuombwa mara mbili. Alieleza zile bilioni mbili kwa mapenzi. Fungu kubwa lilikuwa kodi ya mauzo, ile ambayo kila mnunuzi wa bati huongezwa juu ya bei, nayo kampuni huikusanya na kuipeleka. Fungu la pili lilikuwa makato ya mishahara ya wafanyakazi mia sita, nayo kampuni huyakusanya na kuyapeleka. Ongeza ushuru wa bandarini, ambao humo humo huingizwa kwenye bei ya bati. Alipofika hapo akanywa chai, akionekana amemaliza.

"Na ya Mzee mwenyewe?" aliuliza Mama Pacha kwa adabu kabisa. "Yaani ya mfukoni mwake."

"Mzee halipwi mshahara," alisema mhasibu, "mwaka wa tatu sasa. Anajinyima. Kampuni nayo haijapata faida, kwa hiyo gawio hakuna."

"Sasa anaishije, jamani?"

"Nyumba ni ya kampuni. Magari ya kampuni. Safari ni za kampuni. Matibabu, ada za watoto huko nje, hayo ni ustawi wa wakurugenzi. Mbwa wako kwenye fungu la ulinzi."

"Fungu moja na mume wangu."

"Fungu moja," alikubali mhasibu, bila ubaya wowote. "Ila wao wanazidi kidogo, kwa sababu ya nyama na daktari."

Baba Pacha alikuwa anatazama vigae. Mama Pacha alimwona masikio yanavyobadilika rangi, akamhurumia, na palepale akamkasirikia kwa kumlazimisha amhurumie mbele za watu.

Mkopo haukutolewa. Mfadhili alisema hana desturi ya kukopesha, kwa sababu mkopo humdhalilisha mkopaji. Lakini mhasibu alimwinamia sikioni, wakanong'onezana, na Mfadhili akaanza kutabasamu. Alhamisi ijayo ofisi ya mapato ilikuwa inatoa tuzo kwa mlipakodi mkubwa wa mwaka, na mlipakodi mwenyewe alikuwa ameketi hapo mbele yao. Siku hiyo angependa kumsaidia mjasiriamali mnyonge hadharani. Mama angepewa cherehani. Kazi yake ingekuwa kuvaa vizuri, kuipokea, na kusema asante.

"Cherehani kweli?" aliuliza Mama Pacha.

"Mama, mimi nikiahidi nimeahidi."

Hesabu ya siku aliipiga palepale. Alhamisi ilikuwa siku ya tisa. Sare zilitakiwa wiki moja baadaye. Akasema asante, ya kwanza, ili aizoee.

Njiani Baba Pacha akashindwa kujizuia. Akasema hata hivyo, bilioni mbili ni bilioni mbili.

"Baba Pacha," alisema mkewe. "Konda akikusanya nauli za abiria sitini akampelekea mwenye basi, jioni utasema konda ndiye aliyelipa nauli zote sitini?"

Baba Pacha alikuwa mtu wa kitabu, na kitabuni kuna safu ya anayebeba na safu ya mwenye mali. Hajawahi kuzichanganya maishani mwake.

*

Ukumbi wa tuzo ulikuwa wa Mfadhili, yaani wa kampuni, na ofisi ya mapato ilikuwa imeukodi kwa siku ile kwa fedha za walipakodi, ili wapate pa kumpongezea mlipakodi. Baba Pacha aliletwa kulinda lango la nje, pamoja na kitabu chake. Mama Pacha aliketishwa mbele, pembeni, akiwa amevaa gauni la dada yake, kwa sababu aliambiwa avae vizuri, na lake la ndoa lilikuwa limepauka upande mzima uliotazama jua pale kwenye kamba. Mkadiriaji naye alikuwepo, safu ya nyuma, akigawa maji.

Mfadhili alipewa ngao ya kioo. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema mzigo wa nchi unabebwa na wachache, na kwamba hawanung'uniki, ila wangependa siku moja wengi nao wajifunze kuchangia. Wengi waliokuwa wamesimama kando ya ukuta kwa kukosa viti, wapishi, wafagiaji na wapakiaji wa ghala lake, walipiga makofi, maana msimamizi wao alikuwa anatazama nani hapigi.

Kisha pazia dogo likavutwa, na hapo palikuwa na cherehani yenye utepe.

Walikuwa wameipaka rangi nyeusi mbichi mpaka kwenye mkanda. Lakini mtu haulizwi amemjuaje mwanawe. Mama Pacha alisogea akagusa pedali kwa ncha ya kiatu, ikatoa kile kilio chake cha mara mbili, kama paka aliyekanyagwa na kuombwa radhi. Ilikuwa yake. Mnada ulitakiwa kufanyika kesho yake. Ulikuwa umefanywa mapema, kwa ombi la mteja mmoja, na mteja mmoja huyo alikuwa na miwani na alikuwa amesimama karibu na pazia akiwa ameshika karatasi na kalamu.

Karatasi ilikuwa ya kusaini. Mama Pacha alikuwa amejifunza kusoma kabla ya kusaini, siku tisa zikiwa zimemtosha. Iliandikwa kwamba kampuni, katika kusaidia jamii, imetoa cherehani mpya kumi za umeme, pamoja na meza zake, na kwamba aliyesaini amezipokea kwa niaba ya kikundi.

"Kikundi gani?" alinong'ona.

"Saini tu, mama. Hii ni ya mahesabu," alinong'ona mhasibu. "Msaada unapunguzwa kwenye kodi."

Aliitazama cherehani. Hakika alitaka kusaini. Mkono ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Sare thelathini na mbili zilikuwa zinamngoja nyumbani, na saini ni wino tu. Lakini mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti cha pili mdomoni, akamwambia aseme asante, kwa ufupi. Watu mia tatu wakanyamaza. Kilichomtoka hakukipanga.

"Namshukuru Mfadhili," alisema. "Cherehani hii ni yangu. Ilichukuliwa kwangu wiki iliyopita, kwa sababu sikuweza kulipa kodi. Leo ananipa tena, na nashukuru. Ila karatasi hii inasema nimepewa mpya kumi. Naomba nionyeshwe hizo tisa, nijue nitafute wapagazi wangapi."

Aliyeanza kucheka ni mmoja wa wapakiaji kule ukutani, kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Kisha ukuta mzima. Mfadhili naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, akampigia makofi, akasema mama huyu ni mcheshi sana, akafanya ishara na muziki ukafunguliwa. Alikuwa hodari. Mtu hafiki pale alipokuwa bila kujua lini acheke.

Mhasibu hakucheka. Alisema bila saini hakuna cherehani. Mama Pacha akachukua kalamu, akaandika chini ya karatasi, kwa herufi za kuchapa ambazo hutumia kuandikia vipimo: NIMEPOKEA YANGU. Akarudisha. Wapakiaji wawili, bila kuambiwa na mtu, wakaibeba cherehani kwa miguu yake wakaelekea nje, utepe ukiburuzika nyuma.

Langoni kulikuwa na kizuizi cha bomba, kitabu, na Baba Pacha. Msimamizi alikuja mbio akipaza sauti kwamba kitu hicho kisitoke, kisitoke bila kibali. Kwa miaka kumi na mmoja Baba Pacha hajawahi kukitoa kitu bila kibali. Aliwatazama wapakiaji. Alimtazama mkewe katika gauni la shemeji yake, jasho likimtoka, mkono juu ya gurudumu la cherehani kama aliyemshika ng'ombe pembe.

"Mali ya nani?" aliuliza. Ndilo swali lake. Aliliuliza watu wote.

"Yangu."

Aliinama akaandika taratibu, maana hakuwahi kuandika kwa haraka. Imetoka: cherehani moja, kuukuu. Mwenyewe: mke wangu. Akatia saa. Akanyanyua bomba.

"Umejifukuza kazi," alisema msimamizi.

"Andika basi," alisema Baba Pacha, akamsogezea kitabu. "Kila kinachotoka kinaandikwa."

*

Aliachishwa kazi Jumatatu, na mshahara wa mwezi ukazuiwa kufidia rangi iliyopakwa cherehani. Sasa analinda duka la vifaa vya ujenzi, usiku, kwa mshahara pungufu ya ule wa mwanzo kwa theluthi. Hakatwi kodi, kwa sababu mwenye duka hajamwandikisha.

Sare zilizowahi siku yake zilikuwa ishirini na moja. Kumi na moja mwalimu mkuu alimpa fundi mwingine, na Mama Pacha akarudisha malipo yake ya awali kwa kuuza kioo. Siku hizi anashonea ndani na kamba ya mlangoni haina kitu. Wateja wamepungua nusu.

Mama mkwe alihamia kwa mwanawe mdogo, akisema ni kwa ajili ya hewa.

Mkadiriaji alipelekwa wilaya nyingine, anakadiria vinyozi kwa kuhesabu viti.

Karatasi ya cherehani kumi ilichapwa upya na kutiwa dole gumba la mpishi. Mfadhili alipata tuzo tena mwaka uliofuata. Safari hii sherehe haikuwa na kipaza sauti cha pili.

Ile laki tatu na elfu sitini bado inadaiwa. Fedha alizolipa mhasibu kwenye mnada zilitosha gharama za mnada tu, na karatasi iliyoletwa mwezi uliopita inasema deni limeongezwa adhabu na riba.